Attracta Amsusia Mzika Watu

"Bibi Attracta, kama umemsusia Moran, ukifa nani atakuzika?"

Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha jikoni kwake, taulo shingoni, ananikata nywele za mbele. Mkasi ukasimama hewani. Mama akanikodolea yale macho yake ya "ngoja tufike nyumbani."

"Kaa wima," akasema Bibi Attracta, "usije ukatoka hapa na nyusi moja."

Siku hiyo sikujibiwa. Lakini jamani, swali lilikuwa la haki kabisa! Kwetu Dooncarra, huku mwisho wa kaunti ya Mayo ambako barabara inakata tamaa, Colman Moran ndiye mwenye kila kitu. Baa ni yake. Duka lililo mbele ya baa ni lake, pampu ya petroli iliyo mbele ya duka ni yake, na huko nyuma, ukishapita mapipa ya bia, ndiko anakoweka majeneza. Mtu unaweza kununua soseji, kunywa, kujaza gari mafuta na kufa bila kutoka kwenye uwanja wake.

Sasa Moran alikuwa amenunua shamba la ufukweni ili aegeshe karavani za watalii, na njia ya kwenda baharini, iliyotumiwa na kila mtu tangu enzi za mababu, akaitia geti na kufuli. Wengi walinung'unika. Bibi Attracta Lavelle hakunung'unika, alinyamaza, na hiyo kwake ilikuwa mbaya zaidi. Yeye alikuwa akiogelea kila asubuhi, hata Januari, wakati sisi wengine tunaogopa kutoa pua nje ya blanketi. Alimwambia mama kwamba tangu mumewe afariki, bahari ndiyo kitu pekee kilicho baridi kuliko kitanda chake, kwa hiyo akitoka majini kitanda humwonea huruma. Asubuhi ya kufuli alikwenda na taulo kavu, akarudi na taulo kavu.

Mkutano ukaitwa, ukumbi wa parokia ukajaa. Kaunti yetu ina sifa ya kususia watu: zamani watu wa hapa walimsusia msimamizi wa mwenye mashamba mpaka akakosa hata wa kumfulia shati. Kwa hiyo tuliapa kifua mbele. Hakuna kununua kwa Moran, hakuna kunywa kwa Moran, mpaka geti lifunguke!

Kisha timu yetu ya Mayo ikaingia fainali ya mpira, na televisheni kubwa iko kwa Moran.

"Tutatazama tu," akasema baba. "Hatunywi kitu."

Mayo wakafungwa, kama kawaida yao. Sasa niambie, nani angeweza kuvumilia hayo na koo kavu? Jioni hiyo msusiaji alibaki mmoja, Bibi Attracta, naye alikuwa akiendesha gari hadi mji wa pili kutafuta maziwa.

Moran akamwita Sajini Killeen wa polisi. Sajini akafika jikoni kwa Bibi Attracta, akakataa chai, akakataa tena, akanywa vikombe viwili.

"Kutonunua ni haki yako, mama," akasema. "Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kununua soseji. Ila kumshika mteja mkono na kumtoa dukani, hapo umevuka."

"Nilimshika kwa upendo."

"Padre anasema mkono wake bado una alama."

Nadhani swali langu lilimkera kuliko sajini, kwa sababu wiki hiyohiyo alimpigia simu mwenye kazi ya mazishi wa mji wa pili. Yule bwana karibu alie. Wazikaji wana mipaka yao, akasema, na yeye hawezi kuchukua maiti ya parokia ya Moran, labda maiti ijilete yenyewe. Tangu hapo Bibi Attracta akaanza kuishi kwa tahadhari. Akaacha kuteremka mlima kwa baiskeli. Akaacha hata kula samaki mwenye miiba.

Moran alikuwa akimpungia mkono kutoka kwenye pampu. "Mimi nina subira, Attracta! Wateja wangu wote hufika!"

Alichosahau ni kwamba nywele za marehemu wote wa Dooncarra hutengenezwa na Attracta. Familia humlipa Moran, Moran humwita yeye, naye huja na rola zake, ili kwenye mkesha, jeneza likiwa wazi sebuleni, marehemu aonekane kama anakwenda harusini. Bridie Ginty alipofariki, Moran alimwita.

"Sichani nywele kwenye jeneza la Moran," akajibu. Keki alipeleka, na kulia alilia.

Basi Moran akazichana mwenyewe.

Niliingia na mama kwenye foleni ya kutoa pole. Mungu wangu! Bridie wa watu, aliyekuwa na nywele za mawimbi maisha yake yote, amelala pale nywele zimelazwa nyuma kwa mafuta, kama mwizi wa benki kwenye sinema za kale.

"Ndiye kweli?" mama akanong'ona.

"Ndiye," akajibu jirani. "Tazama rozari."

"Atafunguliwa mlango huko juu?"

Kwenye kiti karibu na moto alikaa Mama Moran, mamake Colman, mzee wa miaka tisini na moja mwenye kichwa cheupe kilichopangwa vizuri. Alimtazama Bridie kwa muda mrefu. Kisha akaita, na sebule nzima ikaacha kutafuna.

"Colman! Njoo hapa. Hii ni kazi yako?"

"Mama, si mahali pake..."

"Nyamaza. Mimi sitalazwa na nywele kama hizi. Fungua lile geti, Attracta arudi na rola zake. Usipofungua, nahamia kwa dada yako kule mjini kesho, nikafie huko, nizikwe na yule mzikaji mwenzako. Watu waseme Moran alinyang'anywa mamake mzazi!"

Sijawahi kumwona mtu mzima akibadilika rangi hivyo. Ukumbi mzima wa parokia haukumtikisa, lakini kichwa kimoja cheupe kilimtikisa.

Asubuhi kulipopambazuka tulikimbilia ufukweni sote. Geti lilikuwa wazi, Moran kasimama kando na kufuli mkononi. Bibi Attracta akapita, akaingia majini bila kupunguza mwendo, akatoka mwekundu kama kamba wa kuchemshwa.

"Maji yakoje?" Moran akauliza.

"Mabaya sana, Colman. Asante."

Siku hiyo alinunua maziwa kwake. Baiskeli nayo ikarudi mlimani.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kiti kilekile, nina miaka kumi na sita, ananitengeneza nywele za sherehe ya shule. Katikati ya kukata, bila mtu kumuuliza, akasimamisha mkasi.

"Atakayenizika ni Moran," akasema. "Nani mwingine? Majeneza yake ni mazuri. Lakini siku hiyo wewe ukae mlangoni, mjukuu wangu, na ukimwona na kitana, ita polisi."