Harufu ya Njugu za Mbegu

Mwalimu alikuwa akinichapa kwa kusinzia darasani, na kumbe ilikuwa njaa. Lakini hayo tuyaache. Juzi hapa Suna niliona mwenye duka akiwagawia wanawe mikate ya kuuza, nikakumbuka kwetu Kosele. Siku moja nikiwa mtoto, mama alikuwa anakaanga njugu, zinalia pa-pa kwenye sufuria, nami nikadhani ni sikukuu.

Baba aliingia na jembe, akanusa.

"Mama Otieno, umekaanga mbegu? Mvua ikija tutapanda nini, majivu?"

"Watoto wana siku mbili hawajala. Niwapikie jembe?"

Nilimnyooshea baba njugu za moto kiganjani. Siku hizi najua nilikuwa nampa shamba letu lote. Hakuzichukua. Aliegemeza jembe mlangoni, akashika njia ya mjini Migori, na hakurudi tena.