Mama Breki Atafuta Bima ya Bintiye

Kwa Mama Breki, kila dereva wa mji ule alikuwa mjinga mpaka athibitishe vinginevyo. Katika miaka ishirini na sita ya kufundisha udereva alikuwa amekutana na wanne tu waliothibitisha. Watatu walishahama. Wa nne alikuwa binti yake wa mwisho, na hilo hakuwahi kumwambia.

Jina lile alipewa na wanafunzi wake. Gari la kufundishia lilikuwa na pedali ya pili ya breki upande wa mwalimu, na mguu wake wa kulia uliishi juu ya pedali hiyo. Hata sebuleni, akitazama habari, gari likionekana kwenye televisheni linakata kona vibaya, mguu ulikandamiza zulia. Zulia lilishatoboka mahali hapo.

Binti alikuwa na miaka ishirini, leseni mpya, na kazi iliyokuwa inamsubiri: kuzunguka zahanati ndogo ndogo kuchukua sampuli za damu na mkojo na kuzipeleka maabara ya hospitali kubwa. Sharti lilikuwa uwe na gari, na gari liwe na bima halali. Mama yake akampa gari kuukuu la shule. Fundi aliing'oa ile pedali ya pili huku Mama Breki amesimama pembeni, uso kama wa mtu anayeng'olewa jino. Gari likawa la binti. Ikabaki bima.

Walianzia kwenye kampuni kubwa, ile yenye sakafu inayoteleza na viti vinavyokumeza. Kijana mwenye tai aliuliza umri wa dereva, na aliposikia ishirini akashusha pumzi kama daktari mwenye habari mbaya. Akaeleza kwamba walio chini ya miaka ishirini na mitano ni hatari, kwa hiyo bei yao iko juu, na tena kampuni inawauzia bima kubwa tu, ile inayolipa mpaka gari lako mwenyewe. Bei aliyoitaja ilizidi nusu ya thamani ya gari lenyewe. Mama Breki alimuuliza kama kuna mtu pale aliyewahi kumwona binti huyu akiendesha. Kijana akasema hapana, mambo hayo hupangwa na kompyuta.

"Basi iambie kompyuta ije tukae nayo ndani ya gari," alisema Mama Breki, akachukua mkoba wake.

Jumamosi mchana akaja Shemeji, mume wa mdogo wake. Shemeji alikuwa mtu wa kazi zisizo na jina. Alivaa suti, alibeba simu mbili ambazo zote hazikuwa na salio, na alijua kila habari ya ukoo kabla ya wenyewe. Alikaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote, akapokea chai, akasema undugu ndio huu, kusaidiana. Kisha akaweka stika ya bima mezani, bei robo ya ile ya kampuni kubwa, na ya haraka, haina maswali.

Mama Breki alikuwa bado anatafuta miwani wakati binti yake ameshatuma namba ya ile stika kwa mamlaka ya bima kwa simu. Jibu lilirudi kabla chai ya Shemeji haijapoa. Stika ilikuwa ya gari la kunyonya maji taka, na muda wake ulikwisha miaka miwili iliyopita. Mama Breki alichukua simu, akalisoma jibu kwa sauti, polepole, mara mbili.

"Kwa hiyo, Shemeji, unataka mwanangu akaendeshe choo?"

Shemeji alikuwa na uso mkavu. Hakutahayari hata kidogo. Aliirudisha stika mfukoni, bila shaka kwa ajili ya ndugu mwingine, kisha akatoa fomu. Hii sasa ni halali kabisa, alisema, ya kampuni inayojulikana, yeye anapata kamisheni yake ndogo tu. Ujanja ni mmoja: Mama Breki aandike kwamba dereva ni yeye. Ana miaka hamsini na nne, hajawahi kupata ajali, bei itashuka yenyewe. Binti ataendesha kimya kimya. Kila mtu anafanya hivyo.

Mama Breki hajawahi kukiri jambo lililofuata, lakini alichukua kalamu. Bei ilikuwa nzuri mno. Akaandika jina lake, umri, kazi. Akafika kwenye swali la nani ataendesha gari hilo siku nyingi.

"Mama, nikigonga mtu watauliza nani alikuwa kwenye usukani," alisema binti. "Watakataa kulipa. Na huyo niliyemgonga atapata nini?"

"Hutagonga mtu. Nimekufundisha mimi."

Kalamu ikaendelea. Mama Breki alikuwa ameshaandika herufi tatu alipoinua macho akamwona Shemeji anatabasamu. Halikuwa tabasamu la kejeli, na afadhali lingekuwa hilo. Lilikuwa la kumkaribisha, kama mtu anayejisogeza kwenye benchi ili mwenzake apate nafasi ya kukaa. Hapo ndipo aliposhindwa. Uongo wenyewe pengine angeumeza, lakini benchi moja na yule mtu, hapana. Alichana fomu vipande vinne, akavikusanya vizuri, akampa mwenyewe mkononi na kumwambia kwamba chai imekwisha.

Siyo uaminifu uliomwokoa siku ile. Ilikuwa dharau. Binti yake alilielewa hilo vizuri.

Tangu hapo binti akaishika kazi mwenyewe. Alipata orodha ya kampuni zenye kibali, akakaa jikoni na daftari na kuzipigia moja baada ya nyingine, akiuliza maswali yale yale kwa sauti ile ile, huku mama yake akiosha sufuria kwa kelele na kutoa maoni juu ya kila aliyepokea simu. Huyu amelala. Huyu hajui kazi. Huyu anasoma karatasi, humsikii? Ya tisa ilikuwa kampuni ndogo, ghorofani juu ya duka la magodoro.

Walienda. Karani wa pale, mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo, aliuliza mambo ambayo hakuna aliyeyauliza: gari litatembea kilomita ngapi kwa siku, litalala wapi, linabeba nini. Akasema wanaweza kumpa binti bima ndogo, ile inayolipa hasara za watu wengine, kwa jina lake mwenyewe, alipe kwa awamu. Na kuna punguzo kwa kijana atakayepimwa udereva na mwalimu anayetambulika.

Mama Breki akasema mwalimu ndiye yeye, na cheti atakiandika hapo hapo.

"Mzazi hampimi mwanawe," alisema karani, kwa upole. Akageuza orodha yake ya walimu. Mwingine wa karibu alikuwa mmoja tu, Bwana Taratibu.

Bwana Taratibu alikuwa na shule ya udereva upande wa pili wa soko, na kwa maoni ya Mama Breki wanafunzi wake waliendesha kama wanaosindikiza jeneza. Miaka tisa Mama Breki alikuwa hamsalimii isipokuwa kwa honi. Siku ya kipimo alisimama getini kwa mpinzani wake, mikono kifuani, saa nzima, akikataa kiti alicholetewa.

Gari liliporudi, Bwana Taratibu alishuka na karatasi yake. "Anaendesha vizuri," alisema. "Anaona hatari mapema kuliko wote niliowapima mwaka huu. Nimemkata alama kwa kitu kimoja. Amewatukana madereva watatu."

"Walistahili?"

Bwana Taratibu alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kila kitu. "Wawili, ndiyo."

Mama Breki akamsalimia kwa mkono.

Bima ikatoka wiki ile ile. Asubuhi ya kwanza ya kazi, Mama Breki aliingia kiti cha abiria bila kualikwa, mkoba magotini. Walichukua boksi la baridi kwenye zahanati ya kwanza. Kabla ya kufika ya pili, binti akawasha indiketa na kusimama mbele ya posta.

"Mama, hapa ushuke. Nikiwa na mzigo siruhusiwi kubeba abiria."

Mama yake akataka aonyeshwe. Binti akatoa mkataba wa bima na kumfungulia ukurasa. Mama Breki alisoma kipengele chote, midomo ikicheza, mpaka maandishi madogo ya chini, akitafuta pa kupenyea. Hapakuwapo. Akashuka.

Aliangalia gari likiingia barabarani, akalikagua kwa macho mpaka likapotea. Dereva wa lori akampigia honi asogee. Alimwambia anachofikiri juu ya matairi yake, kisha akaanza kutafuta usafiri wa kwenda kwa mwanafunzi wake wa saa tatu, ambaye bila shaka ameshakaa kwenye usukani na kusahau vioo.