Kiti cha Bibi Kilichoota Pamba

Mwezi uliopita lori la pamba liliharibika karibu na nyumba yangu, hapa Kalangalala mjini Geita, na mvua ikalikuta palepale. Turubai halikutosha. Kesho yake jua lilipowaka, harufu ikaingia hadi sebuleni: pamba mbichi iliyolowa, nusu mafuta ya mbegu, nusu udongo. Wajukuu wangu wakaziba pua. Mimi nikaweka kikombe cha chai chini nikacheka peke yangu, maana niliikumbuka sebule ya marehemu mama yangu na kiti kimoja ambacho, naomba mniamini, kiliota.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, muda mfupi baada ya watu kuhamishiwa vijijini. Tulikuwa tunaishi nje kidogo ya Kharumwa. Baba alikuwa bwana shamba, kwa hiyo tulipewa nyumba ya bati yenye vyumba vitatu, na kimoja kati ya hivyo hakikuwa na kazi. Majirani walishauri tuweke magunia ya mahindi. Mama akasema hapana, kile kitakuwa chumba cha kukaa.

Neno hilo liliwachekesha watu. Kwetu Usukumani watu walikaa uani. Chumba kilikuwa cha kulala au cha kuweka chakula. Lakini Mama hakuwa Msukuma. Alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, aliyelelewa kwa masista, na kwa masista ndiko alikoona chumba chenye viti, pazia na maua kwenye gilasi, ambamo mtu anakaribishwa hata kama hana shida yoyote. Alikitamani chumba kama hicho maisha yake yote, na alikitaka kwa ajili ya mtu mmoja.

Mtu huyo ni Bibi, mama yake Baba. Bibi hakufurahia mwanawe kuoa mbali. Hakugombana na Mama hata siku moja, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu. Alikuja kila mwaka baada ya mavuno na kapu la michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, akasalimiwa na kuitikia vizuri, kisha akakaa nje kwenye kigoda chake, mgongo ukutani, mpaka siku ya kuondoka. Ndani aliingia kulala tu. Mama alikuwa na miaka kumi ya ndoa na hajawahi kukaa na mkwewe chumba kimoja wakazungumza. Wanawake kisimani walikuwa wanalijua jambo hilo. Mama naye alijua kwamba wanajua.

Basi akaanza kazi. Baba aliagiza kwa seremala viti vinne vya mninga, vizito kiasi kwamba nikivisukuma havisogei. Kuta tulizipaka udongo mweupe, Mama juu mimi chini, na mimi nikajipaka zaidi ya ukuta. Pazia lilikatwa kwenye kanga iliyopasuka katikati. Tatizo likawa mito ya viti. Sponji haikupatikana dukani miaka ile, hata ungeitafuta kwa tochi. Mama akachukua pamba fifi, ile ya daraja la pili iliyochafuka shambani, akaishindilia kwenye mifuko ya kaniki akashona. Ilikuwa na mbegu zake zote. Ukiikalia ilikuwa kama kukalia gunia la kunde, lakini kwa macho ilipendeza.

Juu ya kila kiti akatandaza kitambaa cheupe alichotarizi mwenyewe. Cha kiti cha dirishani ndicho kilichokuwa kizuri kupita vyote. Kilikuwa na ndege wawili wa bluu, na kati yao maneno kwa uzi mwekundu: KARIBU MGENI. Kiti hicho kilikuwa cha Bibi. Sisi wengine tulikatazwa hata kukigusa, na aliyekisogeza kitambaa kidole kimoja tu alifinywa sikio. Mimi nilifinywa mara tatu kabla mgeni hajafika.

Bibi akaja. Mama akampokea kapu, akamshika mkono hadi mlangoni pa kile chumba. Bibi akasimama kizingitini na vumbi lake la safari miguuni, akatazama. Alitazama kuta, pazia, viti. Kisha akaninong'oneza kwa Kisukuma, kile kitambaa kinasema nini. Nilikuwa darasa la pili na nilikuwa najua kusoma, na sikuwa mtoto wa kuficha kipaji. Nikasoma kwa sauti ya shuleni: "Karibu mgeni."

Bibi akaitikia kwa koo tu. Akasema chumba ni kizuri, miguu yake ni michafu. Akarudi uani kwenye kigoda chake. Nilidhani nimesoma vizuri sana. Mama alibaki katikati ya chumba akinyoosha kitambaa ambacho kilikuwa kimenyooka tayari.

Siku zikapita hivyo. Kila jioni Mama alimkaribisha, na kila jioni Bibi alisema kesho. Baba alijaribu utani, akaacha.

Jumamosi moja Mama alianika mito juani, akaniachia agizo moja: nikiona wingu, niiingize. Akaenda kusaga. Nami wingu nililiona, wala sisemi uongo, ila nilikuwa nacheza mdako na nilikuwa nashinda. Mtu anayeshinda mdako haachi. Matone ya kwanza yaliponigonga kichwani nikakimbia, nikaingiza mito mitatu. Wa nne ulikuwa umeangukia nyuma ya kuni. Nilipoukumbuka, mvua ilikuwa imekwisha na mto ulikuwa mzito kuliko mimi.

Niliufikiria sana ule mto. Mwishowe akili ya kitoto ikanipa jibu: uwekwe kwenye kiti ambacho hakuna mtu atakayekikalia. Nikaukamua nilivyoweza, nikaukokota ndani, nikauweka kwenye kiti cha dirishani, nikaufunika na kitambaa cha ndege wawili. Wakati natoka nikakutana macho na Bibi pale ukutani. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesinzia, lakini macho yalikuwa wazi.

Kwa wiki nzima nilikuwa na adabu isiyo ya kawaida. Nilichota maji bila kutumwa. Baba akaniuliza kama naumwa.

Halafu asubuhi moja Mama akaingia kupangusa viti. Alinusa, akainua kitambaa. Pembeni mwote mwa mto, kwenye mshono, zilikuwa zimetokeza shingo nyembamba nyeupe zenye vijani viwili viwili. Pamba ilikuwa imeota. Ilikuwa imeota ndani ya nyumba ya bwana shamba, nje ya msimu, kwenye kiti cha mama mkwe.

Nilingoja kofi. Badala yake Mama aliketi sakafuni, akajifunika uso kwa kile kitambaa, akalia. Sikuwahi kumwona akilia. Nilitamani anifinye masikio yote mawili.

Nikasikia miguu. Bibi alikuwa amevuka kizingiti, peku, na matope yake. Akamtazama Mama, akautazama mto, akainama kabisa akauchunguza kama anayekagua shamba. Kisha akaanza kucheka. Bibi alicheka bila meno na bila haraka, tumbo lote likitikisika.

"Mama Kabula," akasema, akimwita kwa jina langu, "kiti changu umekipanda?"

Mama akajibu kutoka ndani ya kitambaa kwamba hakujua. Kwao Ushirombo, kwa masista, hakuna aliyemfundisha mambo ya pamba.

"Ungeniuliza," Bibi akasema. "Miaka yote nimekaa pale nje. Hujaniuliza hata namna ya kupika michembe."

Mama akashusha kitambaa. Alisema aliogopa kumsumbua mgeni. Bibi akaketi sakafuni mbele yake, akanyoosha miguu, akaniagiza wembe.

"Mimi si mgeni," akasema. "Hapa ni kwa mwanangu. Bati hili linavuja, Mama Kabula, ndiyo maana mto umelowa. Mwambie mumeo."

Bati halikuwa linavuja. Mimi nilijua, na Bibi alijua. Nilileta wembe mbio.

Kwa siku tatu hakukuwa na sebule, kulikuwa na pamba. Mito yote minne ilipasuliwa ikamwagwa sakafuni, na tukachambua mbegu moja moja kwa vidole, Bibi akionyesha namna ya kuvuta nyuzi bila kuzikata. Waliongea wakachambua. Nilijifunza habari za babu yangu ambazo hata Baba hakuzijua. Majirani wawili walichungulia, wakaingia, wakaketi, wakachambua. Hakuna aliyemuuliza mwenzake habari ya miguu. Pazia lilijaa nyuzi, na kile chumba kikanuka kama ghala, na ilikuwa mara ya kwanza kukiona kimejaa watu.

Mito iliposhonwa tena, sasa laini kweli, Bibi akainuka akaenda kwenye kiti cha dirishani akakaa. Alikaa kwa uzito wake wote. Kitambaa kikateleza upande, ndege mmoja akaenda nyuma ya mgongo wake. Nikamtazama Mama mikono. Hakukinyoosha.

Usiku ule, Bibi alipolala, Mama alichukua sindano akakifumua kitambaa. Alitoa herufi nyekundu moja baada ya nyingine, kuanzia ile M hadi I ya mwisho. Nililalamika. Zilikuwa herufi nzuri, na ndizo nilizosoma mbele ya Bibi bila kukosea. Mama akaniambia nikalale.

Imenichukua miaka mingi, na wakwe wangu mwenyewe, kuelewa nilichokifanya pale kizingitini. Tuliamini chumba ndicho kinachomshinda Bibi: vumbi, weupe, viti vya kizungu. Kumbe alikuwa amefika kwa mwanawe, akauliza ukuta wa nyumba unasemaje, na mjukuu wake akamjibu kwa sauti kubwa kwamba yeye ni mgeni. Mama alilitarizi neno hilo kwa heshima yote aliyokuwa nayo. Mimi nililisoma kwa fahari. Hakuna kati yetu aliyekuwa na ubaya, na lilimweka nje hata hivyo.

Kitambaa hicho ninacho. Kipo kwenye kochi langu karibu na dirisha. Juzi fundi wa mapazia alipokuja kupima madirisha alikitazama, akasema neno limekaa upande mmoja, na pembeni kuna matundu ya sindano. Anaweza kunishonea kingine, KARIBU likae katikati. Nikamshukuru. Nikamwambia aweke futi yake chini, akae kwanza.