Kwenda Stanmore Kuulizia Mbung'o

Nilisafiri kwa sababu nilikuwa nimempotosha mdogo wangu, tena kwa kujiamini. Masanja alinipigia simu huku London kutoka Tanzania kuuliza awapitishe wapi ng'ombe wake wote kwenda malisho mapya. "Pitia mtoni," nikamwambia. "Kiangazi mbung'o ni wachache." Nina shahada ya historia. Angeondoka Jumapili alfajiri.

Ijumaa nilijisifu kwa jirani yangu Rehema, nesi kutoka Tanga. "Una uhakika?" akauliza. "Nenda kwa Bi Zarina, Stanmore. Kazi yake kule nyumbani ilikuwa kuhesabu mbung'o, ujana wake wote. Ila kwa simu hasemi, lazima uone daftari lake."

Jumamosi saa tatu asubuhi nilipanda treni Thornton Heath, nikabadilisha London Bridge. Njia nzima nilijishawishi kwamba nilisema kweli. Kufika Finchley Road, nilikuwa bado sijafaulu.

Stanmore, mlangoni, nikatoa shikamoo.

"Marahaba. Koti la buluu!" akasema Bi Zarina. "Mitego yetu tuliishona kwa rangi hiyo hiyo. Mbung'o wangekuvamia, baba."

Nikamweleza nilivyomshauri Masanja. Akaleta chai na daftari: kila mwezi, kila mtego, idadi ya mbung'o walionaswa.

"Masika wametapakaa kila mahali. Kiangazi jumla inashuka. Umefurahi?"

"Sana."

"Usifurahi. Geuza ukurasa."

Mitego ya nyikani ilikuwa sifuri tupu. Ule wa vichaka vya mtoni ulijaa.

"Jua likiwaka wanakimbilia kivuli na unyevu. Na ng'ombe wa mdogo wako wanakimbilia wapi?"

"Majini."

"Basi wanakutana. Ukisoma jumla peke yake, nagana, ugonjwa wanaouleta mbung'o, inakumalizia zizi."

Sikusubiri kufika nyumbani. Nje ya kituo nilimpigia Masanja. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kisomi, nikayaacha.

"Nilikosea. Usipite mtoni. Pita juu, nyika ya wazi, unyweshe kisimani."

"Kaka, huko ni siku mbili zaidi."

"Najua."

"Na watu nimeshawaambia kaka yangu wa London kasema mtoni."

"Waambie pia kaka yako wa London hakujua alichokisema."

Akacheka. "Hiyo nitawaambia kwa furaha."

Wiki iliyofuata ng'ombe walifika, wamekonda, wenye kiu, wote kwa miguu yao. Nami nimejifunza kuuliza mbung'o wako wapi kabla ya kuuliza ni wangapi. Masanja naye kajifunza lake. Siku hizi nikimshauri lolote, huuliza kwanza:

"Umeona daftari, kaka, au unasema tu?"