Binti wa Jenerali Aliyetuambia Tukate Kakao

Ofelia Barrenechea alizaliwa ikulu. Alipofika miaka tisa, baba yake Jenerali alipinduliwa, wakakimbilia ng'ambo na masanduku kumi na tisa. Huko alisomea magonjwa ya mimea mpaka akawa bingwa wa kakao. Angeweza kukaa hukohuko akala maisha. Akarudi.

Ofisi ya kilimo ilimshauri ajitambulishe kwa jina la ukoo wa mama yake tu. Akakataa. Siku ya kwanza kijijini kwetu alisimama mbele ya kanisa akataja majina yake yote, la baba likitangulia. Mimi nilitema mate chini, na sioni haya kusema.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka!" mtu akapiga kelele.

"Basi mimi ni nyoka anayeijua kakao," alijibu. "Tuendelee?"

Kakao yetu ilikuwa inakufa. Matunda yalioza yangali mtini, yakaota unga mweupe, na upepo ukauhamishia unga ule kwa jirani. Ofelia alisema miti yote mizee ikatwe usawa wa goti, ichipue upya. Atakayeacha yake atawaambukiza wengine.

Sasa, katika watu wote duniani, ni yeye wa kutuambia tukate? Mwaka tuliokataa kumpigia baba yake kura, askari walikuja na mapanga wakalifyeka shamba la baba yangu, Nicanor, naye wamemshika atazame. Alipanda upya mche mmoja mmoja. Kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa kinamsubiri baba yangu: akikata watakata, akikataa basi.

Ofelia alikuja kwake kila Jumanne kwa miezi mitatu. Baba hakumkaribisha hata maji. Ofelia alikaa juu ya gunia akaeleza, wiki iliyofuata akaeleza tena.

"We mama, huchoki?" nilimuuliza.

"Nikichoka mimi, ugonjwa hauchoki."

Jibu lile lilinipendeza, nikakasirika kwamba limenipendeza.

Jumanne moja baba alitoka ndani na panga, akalitupa miguuni pake. "Kata wewe. Mti ule pale. Nikuone."

Akakata. Bingwa gani yule! Magonjwa yote aliyajua kwa majina, lakini panga lilikuwa linamponyoka. Gome likachanika, jasho likamwingia machoni, malengelenge yakampasuka viganjani. Hakuacha. Baba alimtazama huku amekunja uso. Nilijua sasa atamfukuza, na ajabu ni kwamba sikutaka afukuzwe.

"Basi, basi! Unauua mti, binti. Kata mshazari, maji ya mvua yasilale kwenye kisiki." Akaenda akamnyang'anya panga. "Wale askari wa baba yako walijua kukata kuliko wewe. Sogea."

"Nimesogea, mzee. Nifundishe."

Baba alikuwa na miaka themanini na mmoja. Aliumaliza mti ule, akaingia mti wa pili, akaingia wa tatu, analia na kumkemea Ofelia asimame vizuri. Ng'ambo ya ua, jirani yetu Eulogia alikuwa ameacha kufua, anatazama. Kisha nikasikia ananoa panga lake.

Kufikia Jumamosi mapanga yalikuwa yanalia bonde zima. Toka askari walipokuja, nikiwa mtoto, sauti ile ilikuwa ikinifanya nikimbilie uvunguni. Siku ile nilichukua langu nikaenda kukata.