Uso Kulia, Macho Kushoto

Binti yangu alizaliwa na macho yasiyotulia. Yanakwenda upande huu na upande huu, haraka, kama ya mtu anayehesabu vifaranga wanaokimbia. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye hapa jirani na mji wa Nduguti, alimwangalia angali mchanga akasema, "Huyu anatafuta kitu. Akikipata atatulia." Tukangoja. Hakukipata.

Alipoanza kuongea vizuri tulimpeleka kwa daktari wa macho, Singida mjini. Daktari alisema hali hiyo amezaliwa nayo na huenda isiishe, ila miwani itamsaidia kiasi. Halafu akasema kuna upande mmoja ambao macho yake yakielekea huko, hutulia. "Mtamwona anageuza kichwa. Msimkataze, hapo ndipo anapoona vizuri."

Mama mkwe akamuuliza mjukuu wake, kwa Kinyiramba, kama dunia inamtikisikia. Mtoto akajibu haitikisiki, labda bibi mwenyewe ndiye anayetikisika.

Upande wake ni kushoto. Akitaka kuona kilicho mbele yake, uso anaupeleka kulia na macho anayaacha kushoto. Sisi tulizoea. Tulichochelewa kugundua ni kwamba alishajua watu hawajui anatazama wapi.

"Ondoa macho kwenye karanga zangu," mama mkwe alimwambia siku moja akikaanga.

"Naangalia mlango, bibi."

Uso kweli ulikuwa mlangoni. Karanga zikazidi kupungua.

Alipofika darasa la nne akaja mwalimu mgeni, mkali. Katikati ya mtihani wa hesabu alimnyang'anya karatasi, akatuma niitwe. Niliacha alizeti yangu imeanikwa uani, nikaenda.

"Mama, mwanao anaibia," mwalimu akasema. "Muda wote uso uko kwa jirani yake."

Nikamweleza kama daktari alivyotueleza. Alinisikiliza kwa adabu ya mtu asiyeamini, kisha akamgeukia mtoto.

"Na sasa hivi unatazama wapi?"

Uso wa binti yangu ulielekea dirishani.

"Nakutazama wewe, mwalimu. Kifungo cha pili hujakifunga."

Mwalimu akajishika kifuani. Kilikuwa wazi. Akakifunga taratibu, bila kutuangalia.

"Halafu mwalimu," binti yangu akaendelea, "ningetaka kuibia, nisingeibia kwa yule."

Nikamfinya, lakini lilishatoka. Mwalimu akachukua karatasi zote mbili, ya binti yangu na ya jirani yake, akazilinganisha swali kwa swali. Yale binti yangu aliyopata, jirani yake alikosa karibu yote. Mwalimu akakohoa kidogo, kikohozi cha kuficha kicheko, akaniuliza afanyeje.

Nikamwambia amkalishe mbele, upande wa kulia wa darasa, ili ubao uwe kushoto kwake. Akamwomba mtoto radhi pale pale mbele yangu, akamrudishia mtihani amalizie. Kesho yake dawati lilihamishwa.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani nilimuuliza kama aliumia kuitwa mwizi.

"Kidogo," akasema. "Niliumia zaidi kudhaniwa naibia kwa yule."

Nikamgombeza, si vizuri kumdharau mwenzako. Akakubali, akasema atamfundisha kugawanya. Hapo kicheko kikanishinda. Tulikuwa tumefika kwenye mashine ya kusaga, wazee wamekaa na magunia yao ya mtama, na mimi nashindwa hata kutamka shikamoo. Binti yangu akawaamkia kwa niaba yangu, mzee mmoja mmoja, uso umeelekea barabarani.