Dawa Niliyotia Katika Pipa la Muhogo

Nakumbuka siku ile vizuri kuliko nilivyowahi kukubali, mwanangu. Aliyeharibu muhogo wa harusi ya kaka yangu ni mimi. Nilikana kwa miaka mingi, tena kwa ufasaha, maana nilikuwa nimesoma.

Nilikuwa nimerudi Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kutoka chuo kikuu na chupa ndogo ya maji yenye rangi ya chai. Ndani yake mlikuwa na chembe za madini ya fedha, ndogo kiasi kwamba hadubini ya shule haizioni. Chuoni tulipaka maji hayo kwenye mtungi wa udongo, tukauacha ukauke, na maji ya kunywa yakichujwa humo vijidudu vya kuharisha vinakufa. Ni kazi nzuri, ningali naisifu. Profesa alituonya kwamba dawa hiyo ni ya mtungi, isitiwe katika chakula. Niliandika onyo hilo, nikalipigia mstari, nikafunga daftari.

Shangazi Nyota alionja maji ya mtungi niliomletea, akanitazama.

“Dawa yenye kuua tududu tote, itajua namna gani kuacha twenye kunisaidia?”

“Shangazi, we uko na tududu twenye kukusaidia?”

“Sijui. Ni we ulisoma.”

Nilicheka wiki nzima.

Nyuma ya jiko lake kulikuwa na pipa la muhogo mchungu uliolowekwa kwa bugali ya harusi. Aliyeuuza ni Mama Feza wa Fizi, rafiki aliyeimba kwaya na Shangazi tangu usichana. Unajua harufu ya muhogo siku ya pili. Wakwe walikuwa wanakuja kutusalimu, nami niliona haya kwa niaba ya ukoo mzima. Nikamimina nusu ya chupa ndani ya pipa.

Harufu ilikwisha. Nilijipongeza. Siku ya nne Shangazi alitumbukiza mkono, akatoa kipande kigumu kama siku kilipong'olewa. Vijidudu vinavyolainisha muhogo na kuutoa sumu, nilikuwa nimeviua vyote.

“Tuanike tu, tutwange,” nikasema.

“Unataka kuua bakwe?”

Akafukia muhogo wote shimoni. Alipouliza kilichotokea, nilisema muhogo ulikuwa wa zamani. Aliniamini, maana mtoto wa chuo kikuu hawezi kusema uongo. Harusini tulikula bugali ya mahindi na samaki wa mikebuka, tukacheza mpaka bibi harusi akapoteza kiatu. Lakini Shangazi hakununua tena muhogo kwa Mama Feza, wala hakukaa naye tena benchi moja kanisani.

Sasa chembe zile zimeenda mbali. Kuna karatasi zenye chembe hizo za kufungia samaki wasioze upesi. Mwezi uliopita niliitwa kuwaeleza habari za karatasi hizo akina mama wanaoanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Nilipokuwa nikitayarisha maneno, kila sentensi ilinirudisha kwenye pipa. Nikaenda kwa Shangazi, nikaungama. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kitenge.

Kwa hiyo, mwanangu, penda vitu vipya, mimi bado navipenda. Ila kabla hujatia chochote katika pipa la mtu, uliza kinaua nini na kinaacha nini, na maji yake yakimwagwa yanaelekea wapi, kwa kuwa hapa kwetu yote huishia ziwani. Anayejibu “bado hatujui” amekuheshimu. Na ukikosea, sema siku ileile. Uongo wangu ulidumu kuliko dawa yenyewe.

Siku ile nilipoungama, Shangazi alipomaliza kucheka alinipa simu yake. “Pigia Feza. Mi nasikiliza.”

Nilisema yote kwa pumzi moja. Upande wa pili Mama Feza akakohoa.

“Ile siku Nyota alisema muhogo yangu ni ya zamani, nilitwaa vipande bibili vya uleule wenye ulibakia kwangu, nikatia mu pipa yangu. Siku tatu, vikalegea. Sina diplome, lakini nilijaribu.”

“Sasa mbona hukusema, Mama?”

“Nani aliniuliza?”

Shangazi akaninyang'anya simu. “Feza, muhogo iko?”

“Iko. Kesho naleta na pikipiki.”

“Leta. Na ukae kwangu, tutakula.” Akanirudishia simu.

“Mutoto,” akasema Mama Feza, “Mungu akubariki, akuongezee akili, akupe na batoto benye kukuuliza maswali. Na pipa, uiache.”